Miaka Kumi na Mmoja ya Darasa la Kwanza

Ukurasa ulirudi mezani kwangu Jumatatu asubuhi, umechorwa kalamu nyekundu kama daftari la mwanafunzi mzembe. Mimi ni katibu muhtasi wa shule ya sekondari, na ukurasa ule nilikuwa nimeuchapa mwenyewe. Ulikuwa wa kijitabu cha kuitangaza shule, wenye kichwa "Viongozi Wetu": picha tatu, na chini ya kila picha maneno machache kuhusu alikotokea mhusika katika ualimu.

Kwa mkuu wa shule, mwenyekiti wa bodi alikuwa ameongeza neno moja tu. Nilipoandika "mwalimu wa hisabati", yeye akatia "mbobezi". Kwa mwalimu wa nidhamu, ambaye shule nzima inamwita Filimbi kwa sababu alianza kama mwalimu wa michezo na hadi leo filimbi haimtoki shingoni, alifuta "michezo" akaandika "sayansi ya viungo". Kwa makamu mkuu wa shule hakusahihisha, alikata. Nilikuwa nimeandika kwamba alifundisha darasa la kwanza kwa miaka kumi na mmoja, kisha akasomea shahada na kuhamia sekondari. Mstari mwekundu ulipita juu ya sentensi nzima, na pembeni palikuwa na maneno: "Mtaalamu wa mitaala. Inatosha."

Nikampelekea Makamu ofisini kwake. Niseme mapema kwamba Makamu ameolewa na kaka yangu. Nyumbani ni wifi yangu na tunagombania sufuria, kazini namwamkia kwa heshima zote. Siku hiyo nilisahau niko wapi.

"Wifi, umeona hii?"

Aliisoma mara moja, akanirudishia.

"Chapa kama ilivyokuwa. Mtaalamu sijawahi kuwa. Nimekuwa mwalimu."

Tulijua wote wawili kwamba hasira ya mwenyekiti haikuanzia kwenye kijitabu. Ilianzia kwenye stoo ya kemia.

Mwanzoni mwa muhula, mwalimu wa historia aliugua na Makamu akashika kipindi chake cha kidato cha kwanza. Akamwambia binti mmoja wa dawati la pili asome aya. Binti akasimama, akasoma bila kukwama, sauti nzuri kabisa. Makamu akasogea kumsifu, akaona kitabu kimefunguliwa ukurasa mwingine. Jirani yake alikuwa amesoma aya ile kabla, naye binti ameikariri kwa kuisikia mara moja. Hakumwaibisha mbele ya wenzake. Wakati wa mapumziko alimwita, akamwonyesha neno moja: mashamba. Binti akalitazama muda mrefu, akasema, "Maji?"

Wiki ile Makamu aliwapima wote, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Kati ya wanafunzi mia moja ishirini na sita, thelathini na wanane hawakuweza kusoma aya fupi peke yao. Walikuwa wamevuka shule ya msingi kwa kukariri, kunakili na kubahatisha. Basi akaiondoa mitungi iliyovunjika kwenye stoo ya zamani ya kemia, akaingiza mabenchi, akakata kadi za silabi kwa mkono wake kutoka kwenye makasha ya karatasi niliyomtunzia. Kila asubuhi kabla ya kengele alikuwa mle ndani na hao thelathini na wanane. Ofisi ya walimu ikapata kichekesho. Wakapaita mahali pale chekechea, na yeye wakampa jina la Mama Irabu.

Jina likamfikia mwenyekiti. Yeye ni mtu wa mabati na misumari, ana duka kubwa, na shule anaipenda kwa namna yake: anataka ing'ae. Jumatano, siku mbili baada ya ukurasa kurudi, akaja akatuita ofisi ya mkuu. Mimi nilikaa pembeni na daftari la kumbukumbu.

"Mama, nakuheshimu sana," alimwanzia Makamu.

"Ahsante. Endelea."

"Wazazi wanaleta watoto hapa watoke madaktari. Wakisoma kwamba makamu alikuwa anaimbisha watoto a, e, i, o, u, watasema nini?"

"Watasema huyu anajua kusoma kunaanzia wapi."

Filimbi akakohoa kuficha kicheko. Mkuu wa shule akavua miwani akaanza kuifuta kwa tai. Ndiyo kawaida yake. Pakichafuka popote, yeye hufuta miwani.

"Na hilo darasa lako la asubuhi," mwenyekiti akaendelea. "Unajua unafanya nini? Unatangaza mitaani kwamba wanafunzi wetu hawajui kusoma."

"Hawajui."

"Sasa lazima kila mtu ajue?"

"Mwenyekiti, kuna mtoto pale ana miaka kumi na minne. Anasoma herufi mbili za mwanzo, zilizobaki anakisia. Ukimpa mtihani wa fizikia anakisia. Kesho ukimpa dawa yenye maelezo atakisia. Mimi nimeshawafundisha watoto kusoma, miaka kumi na mmoja, wadogo kuliko huyu. Ndiyo kazi niliyoijua kabla ya nyingine zote, na wewe unataka niifiche kama ugonjwa."

Mwenyekiti alikuwa amefura, lakini sauti hakuipandisha. Akasema bodi ingekaa Ijumaa. Kabla ya hapo Makamu atie saini ukurasa uliorekebishwa na stoo ifungwe, la sivyo kiti cha umakamu kitafutiwe mtu mwingine. Akachukua kofia yake akaondoka. Mkuu wa shule akaendelea kufuta miwani.

Jioni ile nilifuatana na wifi hadi kwao. Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea, karakana yake iko uani, na tulimkuta anaunga fremu ya dirisha. Wifi akamsimulia yote amesimama, mkoba bado begani. Kaka akainua kinyago cha kuchomelea hadi utosini.

"Mke wangu, si mstari mmoja tu? Wape. Darasa utaendelea nalo kimyakimya."

"Mstari mmoja, ndiyo. Ndani yake kuna watoto zaidi ya mia sita. Niwafute wote kwa sababu muuza mabati anaona haya?"

Kaka akanigeukia. "Dada, wewe ni mtu wa ofisi. Sema naye."

"Hapa sina cheo," nikamwambia.

"Na wakikuvua umakamu?" akamuuliza mkewe.

"Watakuwa wamenivua umakamu. Ualimu hawanivui, hawakunivika wao."

Kaka akageuza ile fremu huku na huku kana kwamba ina jibu. Mwishowe akashusha kinyago usoni.

"Basi nenda. Ila usilie mbele yao."

"Nani alie?" akasema wifi. Lakini alipoingia ndani nilimsikia akifungulia bomba la maji kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kunawa mikono.

Ijumaa wajumbe saba walikaa kwenye meza ndefu ya maktaba, viongozi watatu wa ule ukurasa upande wa pili, mimi mwishoni na kalamu yangu. Mwenyekiti alisukuma ukurasa mbele ya Makamu, na kalamu juu yake. Makamu akairudisha kalamu.

"Sitii saini. Nilichofundisha nimefundisha."

Filimbi akanyoosha mkono kama mwanafunzi, kisha hakungoja ruhusa. "Na mimi rudisheni michezo yangu. Hiyo sayansi ya viungo, mkiniuliza ni nini, sijui nitawajibu nini. Nimefundisha watoto kukimbia na kusimama wakiambiwa. Ndiyo maana nidhamu naiweza."

Mjumbe mmoja akacheka, mwenyekiti akamtupia jicho. Hapo mkuu wa shule akaweka miwani mezani. Hakuifuta.

"Katibu, andika," aliniambia. "Hisabati nimefundisha miaka miwili. Mwaka wa pili darasa langu lote lilifeli isipokuwa wanafunzi wawili. Nikaomba nafasi ofisi ya elimu, nikapewa, na darasani sijarudi tangu siku hiyo. Mbobezi ni neno la mwenyekiti, si langu. Na wale watoto hawakuwa wajinga. Nusu yao walikuwa hawawezi kusoma swali. Nililijua hilo, nikaondoka bila kumwambia mtu. Leo nina makamu aliyeliona jambo lilelile, akaingia stoo akaanza kazi. Mkimtoa, mjue mnamtoa aliye bora kuliko mimi."

Nilipokuwa nikiandika, niliutapakaza wino kwa mkono wangu mwenyewe. Miaka tisa nimefanya kazi chini ya mtu yule na sikuwahi kumsikia akimaliza maneno mengi hivyo bila kuomba radhi.

Laiti ingetosha. Wajumbe walipiga kura kwa kunyoosha mikono: wanne wa kumtoa, watatu wa kumbakiza. Mwenyekiti akatangaza kwa upole, kama mtu anayetoa rambirambi. Makamu akasimama. Akatoa funguo mkobani, akachambua, akaweka mezani wa ofisi, wa kabati la mitihani, wa lango la nyuma.

"Na wa stoo?" akauliza mwenyekiti.

"Wa stoo nilipewa kama mwalimu. Huo nabaki nao."

Akatoka. Hakulia, na hakuugonga mlango. Nyumbani alilala siku nzima ya Jumamosi, kitu ambacho sijamwona akikifanya hata alipojifungua.

Mwenyekiti aliniagiza nichape ukurasa wa viongozi upya. Nikamwambia nachapa alichosema mwenye maelezo yake, kingine atafute mchapaji. Nilitegemea barua ya onyo, nikaipata, ninayo kwenye droo. Aliupeleka ukurasa kwenye kiduka cha uchapaji mjini, lakini mkuu wa shule na Filimbi walikataa picha zao zitumike. Hivyo kijitabu kilipotoka, chini ya maneno "Viongozi Wetu" palikuwa na picha ya bustani ya maua ya mbele ya ofisi. Filimbi alikibandika kimoja ofisi ya walimu, akaandika chini yake: "Ua la kushoto ndiyo mimi."

Makamu mpya aliletwa, mwalimu wa jiografia, mtu mpole ambaye aliomba radhi kwa wifi yangu siku ya kwanza na kila alipopishana naye baada ya hapo, mpaka akaambiwa aache. Wifi akarudi kwenye meza ya kawaida katikati ya walimu wenzake, karibu na dirisha lisilofunga vizuri. Wiki ya kwanza walimkwepa. Wiki ya pili mwalimu wa baiolojia, aliyekuwa bingwa wa kuchekea chekechea, akasogea na karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na majina manne, ya kidato cha pili.

"Hawa nao," akasema. "Nilidhani ni uvivu."

"Walete kesho," wifi akamjibu, asimkumbushe lolote.

Mkuu wa shule bado alikuwa na mamlaka ya ratiba, na ratiba haihitaji kura ya bodi. Akaingiza darasa la kusoma ndani yake, vipindi vinne kwa wiki, wazi kabisa, kwenye ubao wa matangazo. Kila Jumanne akawa anakwenda yeye mwenyewe kuwafundisha kusoma maswali ya hisabati. Siku ya kwanza chaki ilimvunjika mara tatu. Wanafunzi wakadhani ana homa.

Sitatia chumvi. Wanafunzi sita waliacha kuja kwa sababu ya aibu, na mzazi mmoja alimhamisha mtoto wake kwa kelele. Hadi mwisho wa muhula ishirini na mmoja kati ya wale wa kidato cha kwanza walikuwa wanasoma aya bila msaada. Binti wa dawati la pili hakuwa miongoni mwao, lakini alikuwa ameacha kukisia. Akikwama, alikwama waziwazi, kidole juu ya silabi, na hakuna aliyemharakisha.

Siku moja mwenyekiti alikuja na wageni wawili kuwaonyesha shule, na mimi niliambiwa niwasindikize. Tulipofika stoo ya kemia alitaka tupite haraka, ila mgeni mmoja alishasukuma mlango. Ndani binti yule alikuwa amesimama, anasoma, anatoa jasho. Mwenyekiti akabaki kizingitini, hajui acheke au aeleze.

"Hili ni... darasa maalumu," akawaambia wageni.

"Ni darasa la kusoma," wifi yangu akasema, bila kuondoa macho kwa binti. "Mwenyekiti, benchi la nyuma lina nafasi. Ukiona huna muda, tufungie mlango, tuko katikati ya sentensi."

Wageni wakaingia, wakakaa. Mwenyekiti akanitazama mimi kana kwamba ningemwokoa. Nikawa natazama viatu vyangu. Mwishowe akaingia naye, akajibanza mwisho wa benchi, magoti juu.

"Rudia kuanzia nukta," wifi akamwambia binti. "Polepole. Hawa watangoja."