Lugha ya Kambini

...na sasa neno lenyewe linanitazama, lugha ya kambini, kwa kalamu yangu nyekundu, mwandiko wangu mzuri, na mimi nimesimama nalo mbele ya ukumbi mzima hapa Mbale, maana desturi ya mashindano haya ya hadithi ni kwamba mwamuzi husoma maoni yake kwa sauti, mwandishi akiwa amesimama mbele yake, kisha mwandishi huenda na karatasi nyumbani, desturi niliyoileta mwenyewe, mjinga mie, nikasema itawakomaza, haya, nikomae sasa, Brendah huyu hapa, binti wa mtaa wa Namakwekwe, viatu vimepigwa rangi hadi kwenye soli, na safu ya pili yuko baba yake, Afande Otim wa magereza, kofia magotini, anatabasamu hata kabla ya kusikia... "Mwalimu Mafabi, tunakusikiliza," anasema Hajati Hajarah, mwenyekiti wetu, nakohoa, nageuza karatasi, upande wa pili mtupu... jana nilikuwa na maneno tele, wa kwanza nilimwita sahili, sifa hiyo, wa pili mwenye mapambo, hiyo unampa mtu huku ukimnyang'anya, wa tatu mkavu, na angeweza kuwa mtulivu kama ningekuwa nimeshiba, lakini huyu sikumpa hata ukavu, nilimpa kambi, na kila mtu hapa anajua kambi, ni Kiswahili cha wanajeshi, ni buti mlangoni, ni ile miaka ya utawala wao ambayo wazee wakiisimulia wanapunguza sauti, sikusema ameandika vibaya, nilisema anatoka wapi, na sentensi niliyoipigia mstari ni moja tu, askari amekaa nje ya seli ya mfungwa mgonjwa, anamwambia, lala, mimi iko hapa, lala... na mimi ndiye ninayewaambia watu Kiswahili changu nilikichota Mombasa, Mombasa wapi, nilikaa wiki sita, nilikichota Jinja, kwenye nyumba za askari magereza, mama akirudi na samaki kutoka Masese, baba akivua mkanda anauliza, wewe nakula?, na nilipougua malaria aliweka kiti mlangoni kwangu na sare yake mwilini, akakaa hadi homa ikashuka, akisema nini, sema, Mafabi, unajua alichosema... mimi iko hapa, lala... na siku niliyomleta Conrad, mwenzangu wa chuo, mzee alifurahi, akasema kijana yangu nasoma sana, nami nikamsahihisha, mbele ya mgeni, nikicheka, sema kijana wangu anasoma, baba, naye akairudia polepole kama mtu anayeapishwa, akainuka, akasema anakwenda kutazama kuku, na tangu siku hiyo, miaka kumi na moja, nikimpigia simu kule Buwenge alikostaafu ananijibu ndiyo, sawa, asante, nikajidanganya kwamba ni uzee... "Mwalimu," ni Brendah, sauti ndogo, "kama ni mbaya soma tu, baba ndiye alinisaidia, yale maneno ya askari ni yake," na nyuma yake afande anatikisa kichwa kukubali, anaona fahari, Mungu wangu, anaona fahari... naweza kuliruka, nani atajua, lakini karatasi ni yake, ataibeba, na leo jioni Otim atavaa miwani asome mwenyewe, na kuanzia kesho binti akimuuliza jambo atajibu ndiyo, sawa, asante, mimi ndiye nitakayekuwa nimemfundisha... Hajarah anagonga meza kwa kidole, taratibu, karatasi bado iko mkononi, neno bado ni jekundu, natafuta lingine, nyofu halifiki, sahili halifiki, basi itabidi nilisome hilihili, kambini, na niseme ni lugha ya wapi, ya Jinja, ya baba yangu, ndiyo iliyonilea, nami niliionea haya, nafungua mdomo, afande ameinama mbele ili asikie vizuri, nami naanza, lugha ya kambini...