Nyanya za Nyuma ya Jiko

Binti alikuwa amekwisha kuing'ata nyanya baba yake alipomwona. Alisimama kati ya matuta, kandambili mkononi, mkono mwingine juu ya tumbo lake kubwa, na maji mekundu yakimchuruzika kidevuni.

"Tema!" Mkulima alitupa ndoo, akaja mbio akikanyaga miche yake mwenyewe. "Tema, mama, tema!"

Alitema. "Kwani umeona nyoka mdomoni mwangu?"

Baba hakucheka. Alimpa maji asukutue, akampa mengine, kisha akainua upindo wa shati amfute midomo kama alivyomfuta kamasi utotoni. Mkono ukaganda njiani. Shati lilikuwa lile la jana, na begani, pale bomba la dawa lilipoegemea, palikuwa na doa la samawati.

"Mama yako alete kitambaa," akasema.

Jana alikuwa amepiga dawa shamba zima. Maandishi ya kopo yalimtaka asubiri wiki nzima kabla ya kuvuna, lakini dalali alikuwa anakuja leo, na dalali hataki doa. Wakulima wote wa bonde lile walifanya hivyo. Na kila mmoja alikuwa na kitalu chake nyuma ya jiko, kimezungushiwa vijiti, kisichoguswa na dawa: nyanya ndogo, zenye makovu, za kuliwa nyumbani. Hakuna aliyelizungumzia. Lilikuwa jambo la kawaida, kama kufunga mlango usiku.

"Zetu si unajua ziliko?" Alimketisha juu ya kreti. "Hizi ni za kuuza."

"Najua. Nimeamka na hamu, hizi zikawa karibu." Binti alijipangusa kidevu. "Lakini baba, mimi kule mjini sina nyuma ya jiko."

Mkulima akaiokota ndoo yake.

"Mkunga aliniambia nile sana mboga na matunda. Basi kila jioni napitia nyanya sokoni. Mume wangu ananicheka, eti mtoto atazaliwa mwekundu. Nachagua zinazong'aa, zisizo na doa hata moja. Nikiziona najisemea, hizi ni kama za baba."

Aliyasema bila kulaumu, na hilo ndilo lililomkata maini mzee. Afadhali angefoka. Miaka yote mlaji wa nyanya zake hakuwa na uso. Sasa alikuwa nao, na ulifanana na wake, kuanzia pua hadi kidevu.

Honi ikalia barabarani.

"Leo sivuni," alimwambia dalali langoni. "Nimepiga dawa jana."

"Mzee, dawa imeanza lini kukuzuia? Ukingoja wiki, zitalegea kama mashavu ya bibi yangu."

"Na zilegee."

"Basi nitajaza kwa jirani."

"Najua," alisema mkulima.

Lori la dalali likageuka. Mkewe alikuwa amefika na kitambaa, akalitazama likiishia kwenye kona, kisha akalitazama shamba lililoiva. Alimfuta binti yao midomo, taratibu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nyuma ya jiko, mkulima alichuma kila kilichoiva amfungie binti kwa safari ya kurudi mjini. Kikapu hakikufika nusu. Hakuwahi kukiona kitalu kile kuwa kidogo namna hiyo.

Binti alichukua moja yenye tundu, akaipasua, akampa baba kipande.

"Hii mdudu kaionja kabla yetu."

"Na yu mzima?"

"Mzima, ananikodolea macho."

Mzee alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akala. Kisha akainama, akaanza kung'oa vijiti vya uzio, kimoja kimoja, upande ule uliotazama shamba.

"Utavichomeka wapi sasa?" mkewe akauliza.

Alisimama na vijiti kifuani, akayakodolea macho matuta marefu yaliyoshuka hadi barabarani.

"Mbele kidogo," alisema. "Tuanzie mbele kidogo."