Globu ya Tarakea

Dirisha la chumba cha wapiga chapa lilizibwa Ijumaa baada ya chai, wapiga chapa wenyewe wakiwa humo humo ndani wanapiga chapa. Hakuna aliyewaambia watoke. Fundi alipanda juu ya meza ya Flavia na viatu vyake, akapanga tofali juu ya tofali, saruji ikidondokea kwenye mashine. Flavia akaipangusa kwa ncha ya kitenge, akaendelea. Kule nje migomba ilipotea kwanza, ukafuata msitu, mwisho theluji.

"Fundi, na sisi utatupiga lipu?" Eunike aliuliza kutoka meza ya pili.

"Mkinyamaza, nitawafikiria."

Kosa lilikuwa la mlima. Wapiga chapa wote wawili walikuwa watu wa huko juu, Flavia wa Kirua Vunjo, na mtu wa Kirua Vunjo aliye mjini huku kahawa imeanikwa nyumbani hawezi kumaliza asubuhi bila kutazama juu. Wingu likikaa vibaya upande wa kwao, anajua mama yake yuko peke yake, anahangaika kuifunika kahawa kabla haijalowa. Ataguna. Mwenzake akisikia mguno, naye atainuka atazame wingu la kwao. Ndugu Kornel, Meneja wa Shirika, aliwakuta wamesimama hivyo mara mbili, na utafiti wake wote akaumaliza pale pale mlangoni.

"Shirika haliwalipi kutabiri mvua," alisema. "Dirisha hili linakula uzalishaji."

Ofisi yake yeye ilikuwa na madirisha matatu, yote yanatazama Kibo. Hayo hayakula kitu. Hayo yalikuwa kwa ajili ya wageni kutoka Dar.

Chumba cha chapa zamani kilikuwa stoo ya dawa za kahawa. Kuta bado zilikuwa na mabaka ya buluu ya mrututu, na dirisha lilipokuwepo harufu yake ilivumilika. Sasa ilibaki ndani pamoja nao, ikachanganyika na wino wa kudurufia, na kufikia saa nne kichwa cha Flavia kilikuwa kinagonga kuliko mashine. Siku moja alitapika kwenye kikapu cha taka, akafunika kwa karatasi alizoziharibu. Karatasi za kufunikia hazikuwa haba siku hizo.

Walimwendea Aminieli, katibu wa tawi la Chama pale kazini. Aliwasikiliza kwa uchungu. Alipiga hata meza.

"Huu ni unyonyaji mtupu! Nitalifikisha."

Na kweli alilifikisha, maana Jumatatu iliyofuata meza yake ilikuwa imehamishiwa upande wa Meneja, chini ya dirisha. Alipokutana nao koridoni aliwasalimia kama mtu aliyewahi kuwaona mahali fulani.

Halafu globu ikaungua.

Stoo ya Shirika haikuwa na globu. Mji mzima wa Moshi haukuwa na globu. Dilip, ambaye duka lake lilikuwa mtaa ule ule, alikunjua mikono akaonyesha rafu. "Dada Flavia, unaona mwenyewe. Nauza giza tu. Nikufungie kiasi gani?"

Wakafanya kazi mlango ukiwa wazi, wakiomba mwanga wa koridoni. Ndugu Kornel akaamuru mlango ufungwe, kelele za mashine zilimsumbua akiongea na simu. Wakawasha kibatari. Masizi yakatua kwenye karatasi, na Flavia akawa anasogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa herufi. Taarifa ya mwaka iliyotakiwa na wageni wa Dar ikawa inarudi mezani kwake kila ikipelekwa, imejaa alama nyekundu.

"Unaniaibisha makusudi?" Ndugu Kornel alimwuliza.

"Ni giza, Ndugu Meneja."

"Vipofu wanasuka vikapu mpaka vinauzwa Ulaya."

"Basi Shirika lihamie kwenye vikapu, Ndugu Meneja."

Eunike alikohoa ghafla. Meneja hakucheka. Aliinama mpaka Flavia akasikia harufu ya sabuni ya kunyolea, kitu ambacho madukani kilikwishasahaulika.

"Una mdomo mzuri. Wageni wanakuja Jumatano. Taarifa isipokuwa safi, kitambulisho cha kazi utakiacha juu ya meza hii, huo mdomo ukawachekeshe mgambo. Nasikia wanawatafuta sana wanawake wasio na kazi."

Hakuwa anatania. Mtaani Pasua, Flavia alikopanga chumba na mwanawe, jirani yake aliyekuwa anauza maandazi alipakiwa kwenye lori kwa uzururaji, akapelekwa kulima mahali ambapo hata mumewe hapajui. Unga aliokanda uliumukia barazani mpaka kuku wakaula. Kati ya Flavia na lori kulikuwa na kile kitambulisho, basi.

Jumapili baada ya misa akamfuata Lukresia. Lukresia alikuwa akileta maharage kutoka Tarakea, na katikati ya maharage alileta vingine vilivyovuka mpaka bila kuaga mtu.

"Shikamoo, mama. Nataka globu."

"Marahaba. Globu? Wenzio wanataka mafuta ya kupaka. Kwani kwako kuna umeme?"

"Ya ofisini."

Lukresia alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, watu wanaiba ofisini wanapeleka nyumbani. Wewe umepatwa na nini?"

"Nitafukuzwa, mama."

Kicheko kikakatika. Lukresia akazamisha mkono kwenye gunia. Flavia alimwachia doti ya kanga aliyoiweka kwa ajili ya komunio ya mwanawe.

Jumatatu chumba kikawaka. Eunike aliigeuza mikono yake mbele ya uso kama mtu aliyerudishiwa mali iliyopotea. Harufu ilikuwa ile ile, kichwa kile kile, lakini herufi zilionekana, na Jumanne jioni taarifa ilikuwa safi mezani kwa Ndugu Kornel. Hakuuliza mwanga ulitoka wapi.

"Mmeona?" alisema akifunua kurasa. "Tatizo lilikuwa dirisha."

Jumatano akamleta mgeni mkubwa kutoka Dar aone kwa macho yake. Walikuwa wametoka kunywa chai, na siagi ya kopo ya Nairobi ilikuwa bado inang'aa kwenye sharubu za mgeni. Aminieli alifuata nyuma, na mgambo wa getini nyuma yake.

"Tuliondoa vishawishi," Ndugu Kornel alieleza akiupapasa ukuta. "Kazi imepanda."

Mgeni hakutazama ukuta. Alitazama juu. "Globu hii! Sisi wizarani tunatumia mishumaa. Mmeipata wapi?"

Meneja aliitazama globu kama ndiyo kwanza inazaliwa. Akamgeukia Flavia.

"Ndugu Flavia, jibu swali la mgeni."

Aminieli hakungoja jibu; akazima swichi, akapanda juu ya meza ya Flavia, akawasha kiberiti karibu na kioo.

"Imeandikwa Kenya," alisema kutoka juu. "Magendo."

Taa ikawashwa tena. Mgeni akapangusa sharubu, akasema vita dhidi ya wahujumu uchumi haina mdogo, na kwamba hataondoka bila maelezo ya mtuhumiwa yaliyopigwa chapa na kutiwa sahihi. Eunike akaambiwa apige. Akaharibu karatasi ya kwanza, akaharibu ya pili.

"Mwache," alisema Ndugu Kornel. "Flavia ndiye mwepesi."

Basi Flavia akaingiza karatasi, na Meneja akasimama nyuma yake akimtamkia maneno. "Kwamba mtuhumiwa, kwa nia ya kuudhoofisha uchumi wa Taifa, aliingiza nchini globu moja..." Mashine ilikwenda bila kusita. Mgeni alisogea akatazama juu ya bega lake.

"Huyu anapiga vizuri."

"Akitaka," alisema Ndugu Kornel.

Flavia alipofika mwisho, mgambo alikuwa keshapanda mezani, kofia ameizungushia mkononi asiungue. Kizibiti, ile globu, kikafunguliwa. Watu wa ofisi nyingine walikuwa wamejaa mlangoni kutazama, wameziba hata ule mwanga mdogo wa koridoni.

"Sijayasoma," Flavia alisema gizani.

"Umeyaandika mwenyewe," ilijibu sauti ya Meneja. "Unataka kusoma nini?"

Mkono wa Aminieli ukamshika kiganja, ukamtia kalamu, ukaanza kukivutavuta juu ya karatasi kutafuta mahali pa sahihi.

"Hapa," alisema. "Au hapo. Weka tu."