Salamu za Mkwe Kupitia Dar

Mama yangu anaitwa Eliakunda, na ukitaka mtu mbishi kuliko yeye hapa kijijini Mamba, huku milimani, utatafuta mpaka uchoke. Kwake yeye mama mkwe na mkwe wa kiume hawaangaliani usoni, hawali pamoja, hawaitani majina. Mume wangu Fanueli, dereva wa bodaboda, amenioa tangu simu zilipokuwa za vitufe. Mpaka leo, wakikutana njiani, yeye huzima pikipiki, anaingia migombani, anamwamkia akiwa amempa mgongo. "Shikamoo mama." "Marahaba," mama anaijibu migomba. Nimewasema mpaka mdomo umeniuma.

Kaka yangu Nicolaus, anayeishi Dar, akajifanya mjanja. Akamnunulia mama simu ya kugusa, akafungua grupu la ukoo la wasapu, akatuingiza wote. Siku ya kwanza tu Fanueli akatuma ujumbe wa sauti kusalimia. Mama aliposikia sauti ya mkwe wake imeingia jikoni, alitupa mwiko, akaifunika simu kwa kanga, akatoka nje. Kisha akataka kujua: grupu ni chumba au ni barabara? Kama ni chumba, mkwe atoke. Tulibishana wiki nzima. Mwinjilisti akaulizwa baada ya ibada, akasema Maandiko yako kimya. Mwishowe mama akatoa hukumu mwenyewe: grupu ni ua, wanaweza kuwemo wote, ila wasisemeshane. Basi Fanueli akitaka kumwambia mama kitu, anampigia Nicolaus Dar, Nicolaus anakisema grupuni. Na nyumba ya mama na yetu zimetenganishwa na mfereji tu.

Nyie chekeni. Mimi ndiye niliyekuwa naishi hapo katikati.

Sasa jicho. Mama alikuwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilikuwa halioni kabisa, la kulia lilikuwa linaelekea huko huko. Mwezi wa nne madaktari wa macho wakaja hospitali ya Same, chini mjini, kwa muda, na zamu ya mama ikaangukia siku yao ya mwisho. Wakishaondoka, hakuna aliyejua watarudi lini. Mvua nayo ikaporomosha udongo barabarani, magari yakakwama, na madereva wa bodaboda wote wakakataa kushuka. Isipokuwa mmoja.

"Sipandi," mama akasema.

Nikamtolea uvivu. Nikamwambia achague, aibu ya asubuhi moja au giza mpaka kaburini, na akishapofuka asiniite nimshike mkono kwenda chooni. Sikupaswa kumwambia hivyo mama yangu. Lakini nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa nagomba. Akajifunga kanga yake, akaniambia nimfungie simu shingoni kwa kamba.

Watatu kwenye tope lile haiwezekani, kwa hiyo nilibaki. Mama aliketi kiupande, ameng'ang'ania chuma cha nyuma ili asimguse mtu. Hawajafika hata kwenye daraja, grupu likaanza kulia.

"Nicolaus, mwambie huyo apunguze mwendo, tumefika kona ya kwa Loth." Mama haoni vizuri, lakini kona za barabara ile anazijua kwa makalio. Nicolaus, yuko ofisini kwake Dar, anasikiliza, kisha anampigia Fanueli aliyevaa hedifoni: mama anasema punguza. Neno likifika, kona imeshapita, wako kwenye tambarare. Fanueli anakanyaga breki. "Nicolaus, muulize anasimama kwa nini hapa, kuna nini?" Nicolaus anauliza. Fanueli anajibu kwamba si ameambiwa apunguze. Watu wawili kwenye kiti kimoja, maneno yao yanakwenda Dar na kurudi. Shangazi Redempta wa Ugweno naye akaingilia, anataka wasimame kwanza waombe. Nilitamani kuitupa simu mferejini.

Kisha kimya. Walikuwa wameingia bonde la mtoni, ambako mtandao haujawahi kufika, na ndiko udongo ulikoporomoka. Nicolaus akampigia Fanueli, hapatikani. Akampigia mama, hapatikani. Akanipigia mimi, akaanza kunilaumu. Nikamkatia. Nilikaa kizingitini na jembe mapajani, tangawizi sikuipalilia. Mimi ndiye niliyempandisha mama kwenye ile pikipiki kwa maneno makali, na sasa nilikuwa naona korongo tu mbele ya macho yangu.

Simu ikalia. Ilikuwa sauti kutoka simu ya mama, ndefu. Bila shaka alikibana kitufe bila kujua, nayo ikatoka walipopata mtandao. Upepo, injini, halafu wao:

"Fanueli, kushoto. Kushoto, nimesema."

"Mama, kushoto ni korongo."

"Basi kulia. Na acha woga, saa zinakwenda."

"Mama, ukinibana mbavu hivyo siwezi kupumua."

"Utapumua Same."

Niliusikiliza ujumbe ule mpaka chaji ikakaribia kwisha. Nililia, nikacheka, jirani akaja mbio kuuliza nani amefariki.

Kesho yake nikashuka, palipoporomoka nikapavuka kwa miguu. Niliwakuta wodini, mama kitandani na bandeji jichoni, Fanueli kwenye benchi karibu na mlango, amechoka hata kunisalimia ilikuwa shida. Muuguzi alipoanza kuifungua bandeji, mume wangu akainuka haraka, akageukia ukuta.

"Nani yule pale?" mama akauliza bandeji ilipotoka.

"Ni baba Jenifer, mama," nikamjibu, kwa jina la mwanetu. "Anatoka sasa hivi."

"Asitoke. Fanueli, geuka."

Akageuka, kofia mkononi, macho chini. Mama akamtazama taratibu, kuanzia kipara, akaja kwenye ndevu zenye mvi, akashuka mpaka kwenye viatu vya tope. Mara ya mwisho kuuona uso ule ilikuwa kanisani, siku ya harusi yetu, Fanueli akiwa kijana mwembamba aliyevaa suti ya kuazima.

"Umezeeka," akamwambia. "Umezeeka ukinikwepa, na mimi nikakuacha."

Fanueli akainua macho, akamtazama. Simu yangu ikaanza kuita. Ni Nicolaus, bila shaka anataka kujua mama amesema nini. Sikuipokea.