Aliyesimama Nyuma ya Lori

Phally alikuwa akishona kola, cherehani zikinguruma safu nzima, alipoitwa ofisini. Alijua wanachotaka. Mama yake Romduol amekuja kudai fidia, na kiwanda kinatafuta wa kusema binti alijitakia.

Romduol! Mwezi uliopita tu walikuwa wakipanda lori pamoja alfajiri, wamesimama, wamebanana, wakila ndizi za kuchoma na kumtania dereva kwamba gari kajifunzia juu ya nyati wa kulimia. Kwenye mashimo walifunganisha vitambaa vyao vya krama, kiuno kwa kiuno, asianguke mtu. Mafundo alikuwa akifunga Romduol, huku akiwachekesha. Phally alizoea kulilalamikia vumbi la barabara ile. Sasa alilitamani vumbi la siku zile.

Kisha lori likapinduka. Romduol akaanguka wa kwanza, na krama iliyomfunga kwa wenzake ikamburuta mpaka akafa.

Bwana Vuthy, ofisa utumishi, alimpa Phally kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mama Savoeun, mama yake Romduol, alikuwa ameketi ukingoni mwa benchi, ndala kaziacha mlangoni.

"Dada Phally," Bwana Vuthy alianza, "mwambie mama ukweli. Romduol alisimama nyuma kabisa, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na alijifunga mwenyewe?"

"Tulijifunga wote."

"Umesikia, mama? Mtu mzima kajifunga mwenyewe. Sisi tufanyeje? Si angepanda basi?"

"Basi lipi, bosi?" Phally aliuliza. "La kwanza likifika hapa, geti mmeshafunga. Na anayechelewa mnamkata mshahara."

"Angalia mdomo wako. Mkataba wako unaisha mwezi huu."

Phally akameza maneno yaliyobaki. Alikuwa na watoto wa kulisha.

Mama Savoeun akajifuta macho kwa kiganja. "Nilimkanya," alisema taratibu. "Nilimwambia, mwanangu, usisimame nyuma. Hakusikia."

Hapo Phally alishindwa kuvumilia. Kumbe hata mama mtu wamemlisha maneno yao!

"Nyuma lazima asimame mtu, mama. Lori linajazwa mpaka pomoni. Asingekuwa Romduol, angekuwa mtoto wa mwenzio."

Mama Savoeun akamshika mkono. Bwana Vuthy alimwambia Phally arudi kazini, na mkataba asahau.

Kesho yake lori lilikuja limeshajaa. Nafasi iliyobaki ilikuwa nyuma kabisa, na mwezi ulikuwa bado haujaisha. Phally akapanda.