Mkaa Juu ya Barafu

Simu ya Leonce ilikuwa ya furaha, na hilo ndilo lililomtisha Sabina zaidi baadaye, kila alipoikumbuka.

"Dada, usiwe na wasiwasi," kaka yake alisema. "Mvua ya mawe ya jana jioni imeziba korongo hapo juu ya kwa mama, lakini nimeshaanza kulishughulikia." Kisha akakata.

Leonce alikuwa hivyo tangu utoto. Akikwambia amelishughulikia jambo, ujue limeharibika. Sabina, mwalimu wa jiografia pale Karatu mjini, alikuwa ameshavaa gauni la kwenda kanisani. Hakulibadilisha. Alisimamisha bodaboda akamwambia dereva, "Kansay, na usinibembeleze na mwendo wa harusi."

Njia nzima aliona mashamba yaliyopigwa. Mahindi yaliyokuwa yanaanza kutoa mbelewele yalibaki vijiti, na maharage yalisagwa yakawa mboga kabla ya sufuria. Penye kivuli mawe ya mvua yalikuwa bado yamelala, meupe, yamerundikana hadi magotini, na wenye mashamba walisimama kando yake kama watu waliofika msibani. Hakuna aliyewahi kuona mvua ya mawe ya namna ile.

Nyumba ya mama yao, Selestina, ilikuwa bondeni kwenye kona ya korongo. Nyuma yake palikuwa na mwamba ambao hata mbuzi hawaupandi. Njia ya kutoka ilikuwa moja tu: unashuka korongoni, unavuka mchanga, unapanda ukingo wa pili. Mwaka mzima korongo lilikuwa kavu na watoto walicheza mpira humo. Mama mwenyewe alikuwa na miaka sabini na minane, na tangu mwezi uliopita alikuwa kitandani, nyonga imevunjika. Mara ngapi Sabina alimwomba ahamie mjini! Jibu lilikuwa lile lile: nyumba haina miguu na mimi sasa sina, basi tumefanana, tuacheni tukae pamoja.

Sabina alishuka kwenye pikipiki ukingoni mwa korongo, hatua kama mia mbili juu ya nyumba, mahali ambapo miamba miwili inakaribiana. Akaiona. Mafuriko ya jana yalikuwa yamezoa mawe ya mvua ya miteremko yote miwili, yakayachanganya na matawi na mabua, yakayasukuma hadi pale pembamba, yakakwama. Usiku wa baridi ukayagandisha. Sasa ulikuwa ukuta wa barafu wa kimo cha mtu na nusu, na nyuma yake maji mekundu yalijaa hadi yalipopotea kwenye kona. Chini ya ukuta mchirizi mwembamba ulikuwa unapenya. Mbali kidogo, moshi wa jikoni kwa mama yake, wa moto anaouacha Leonce kila asubuhi, ulikuwa unapanda taratibu.

Na juu ya ukuta alisimama Leonce na buti zake za mpira, kiroba cha chenga za mkaa kwapani, anarusha kwa mkono kama anayepanda ulezi. Katikati yote ya ukuta ilikuwa nyeusi.

"Leonce! Acha! Acha hapo hapo!"

"Ngoja nimalize hiki, dada. Njoo uone barafu inavyoyeyuka! Mchana korongo litakuwa wazi, maji yatakuwa yametoka kidogo kidogo."

"Nani amekwambia umwage mkaa?"

Leonce alishangaa kweli. "Si wewe?"

Sabina akakumbuka. Ilikuwa Krismasi iliyopita, hapo hapo kwa mama. Alikuwa ameleta barafu kutoka mjini ya kupozea soda, na kwa ile tabia ya walimu ya kushindwa kupumzika, akachukua mabonge mawili akayaweka juani mbele ya watoto, moja akalipaka masizi ya sufuria. Bonge la masizi likaisha kwanza. Akawaambia: kitu cheupe kinalirudisha jua lilikotoka, cheusi kinalimeza. Akaendelea hadi barafu ya Kilimanjaro na bahari za mbali kaskazini, kwamba theluji ikitoweka panabaki maji meusi, na maji yale yanameza jua ambalo theluji ingelirudisha, yanapata joto, yanaila theluji iliyobaki. Watoto walikuwa wanatazama soda. Leonce peke yake ndiye aliyesikiliza, kumbe.

Alipanda ukutani kwa magoti na viganja, gauni likilowa. Baridi ilimpanda hadi kwenye meno. Pembeni, palipobaki peupe, ukuta ulikuwa umeyazidi maji kwa upana wa vidole vitano. Katikati, kwenye mkaa, alipima kwa mkono wake, akapima tena kwa kutouamini. Vidole vitatu.

"Tangu asubuhi pameshuka vidole viwili," alisema. "Leonce, maji hayatatoka kidogo kidogo. Yakishapata pa kupita hapa katikati yatakwangua pale pale, na ukuta wote utaondoka kwa mara moja."

Leonce alitazama maji, akatazama bondeni, akauona moshi. Kiroba kilimponyoka.

"Umemuua mama," Sabina alisema.

Neno hilo alilisema kwa sauti, na majirani waliokuwa ukingoni walilisikia. Wala hakuwa na nafasi ya kulirudisha, maana katekista Vedasto, jirani yao, alikuwa tayari anauliza kama wachimbe mfereji pembeni. Pembeni ni mwamba. Basi wakwangue mkaa? Sabina alijaribu kwa kiganja, akaacha: kila gao la mkaa liliondoka na gao la barafu, na barafu ndiyo iliyokuwa inayazuia maji. Saa nne ilikuwa inakaribia. Jua lilikuwa limetoka safi, lile jua la baada ya mvua, bila wingu hata la kusingizia.

"Mama lazima avushwe," alisema. "Kutengeneza machela, kuchonga ngazi pale ukingo ulipobomoka, kumbeba na nyonga ile... saa nzima, zaidi. Maji yanaila barafu kutoka chini, hilo hatuna la kufanya. Lakini jua tunaweza kulinyima. Nataka vitu vyeupe. Vyovyote. Mashuka, viroba vya mbolea, chochote cheupe, sasa hivi!"

Huko ukingoni mtu mmoja alicheka, kicheko kile cha mtu mwenye hofu. Lakini Blandina, mke wa Vedasto, hakuuliza. Alikimbia nyumbani kwake, akarudi na mashuka mawili na viroba, na nyuma yake akina mama wengine watatu. Wakafunika. Mashuka hayakutosha. Mkaa ulibaki wazi upande mmoja, na pale wazi barafu ilikuwa inatoa machozi mbele ya macho yao.

"Kanisani pale kigangoni," Sabina alimwambia Vedasto. "Vitambaa vya altare."

"Mwalimu, vile vimebarikiwa."

"Na mama yangu je? Si amebarikiwa? Si ndiye aliyevifua miaka kumi na mitano?"

Vedasto alitoa ufunguo mfukoni akamkabidhi mkewe. Yeye na wanaume watano wakashuka kwenda kwa mama na jembe, fito na mablanketi. Blandina alirudi na vitambaa vya altare na kanzu za watumishi, na juu ya kichwa chake debe la unga wa sembe. Ulikuwa unga mweupe wa mwisho katika nyumba ambayo jana ilipoteza shamba lote. Aliumwaga mwenyewe kwenye mapengo yaliyobaki, akiusambaza kwa kiganja. Hakuna aliyemtazama usoni.

Ukuta ukawa mweupe. Upepo ukaja, ukaanza kuinua ncha za mashuka.

"Mimi nabaki hapa," Leonce alisema. Akavua shati lake, ambalo lilikuwa jeusi kwa mkaa, akajilaza kifudifudi juu ya mashuka, mikono na miguu ameitanua ili upepo usiyachukue. "Nitakuwa naita vidole. Nendeni."

Sabina alitaka kumwambia kitu. Akaona midomo yake ikiwa ya buluu tayari, akaona maji nyuma ya kichwa chake, karibu mno, na hofu ikamsukuma chini mbio.

Ndani ya nyumba mama alikuwa anagombana na Vedasto. Alitaka kujua kwa nini anaondolewa kitandani kama gunia Jumapili asubuhi, na kama ni kanisani, kwa nini hawajamvalisha. Sabina alimpigia magoti. "Aayo," alimwita, kwa Kiiraqw, jina la mama alilokuwa hajalitumia tangu aanze kazi mjini. "Nakuomba. Twende." Mama akamtazama usoni, kisha akanyoosha mikono ili wambebe.

Kutoka juu sauti ya Leonce ilikuja, nyembamba: "Viwili na nusu!"

Kumhamishia kwenye machela kulimtoa mama ukelele ambao Sabina hakuwahi kuusikia kwake. Wakatoka nje. "Viwili!" Ngazi walizochonga zilikuwa za udongo ulioloa. Wanaume wa mbele walishuka kwa kukaa, hatua moja, wanapumzika, hatua moja. Sabina alishika pembe ya machela. Vedasto alimwambia kwa upole amwachie mtu mwingine. Hakukubali.

"Viwili!" Leonce aliita tena. Bado viwili! Nguo zilikuwa zinafanya kazi. Sabina alijikuta anaomba, siyo sala yoyote anayoijua, ni neno moja tu, rudisha, rudisha, akiuambia ule weupe wa juu ulirudishe jua lilikotoka.

Wakafika mchangani. Kutoka pale chini ukuta ulionekana wote, ukiwaka kwa jua hadi macho yanauma, na juu yake kidoa cha mtu. Mchirizi wa chini haukuwa mwembamba tena. Ulikuwa umefika vifundoni, na ulikuwa wa baridi ya kukata, na ndani yake vipande vya barafu vilipita vikigonga miguu yao. Hatua thelathini za kuvuka. Sabina hakuwahi kujua kwamba korongo lile ni pana hivyo. Mmoja wa wanaume aliteleza, machela ikainama, mama akashika nywele za Sabina ili asianguke, na hakuziachia.

"Kimoja!"

Wakafika ukingo wa pili. Wakaanza kupanda. Ngazi ya kwanza, ya tatu, ya sita. Sabina aligundua kwamba hajasikia kitu muda mrefu. Alitaka kugeuka, lakini mama alikuwa bado amemshika nywele.

Kilichokuja kwanza kilikuwa hewa. Hewa ya baridi ikawapiga mgongoni, kisha mlio, kisha sauti ya Leonce, si namba, ni yowe tu. "Pandeni!" Vedasto alipiga kelele, na watu saba wakapanda ngazi zilizobaki bila kujua wamezipandaje. Wakaanguka nyasini juu ya ukingo, machela katikati yao. Chini yao korongo likapita lote: maji mekundu, barafu nyeupe, matawi, mashuka. Lilifika kwenye kona likaingia kwa mama bila kupiga hodi. Nyumba ilisimama kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu paa peke yake lilikuwa linaelea, likigeuka taratibu, kuelekea huko kwenye bonde la Ziwa Eyasi.

Mama alitazama yote. Hakulia. Akasema tu, "Leonce wangu yuko wapi?"

Sabina alisimama, akaita, akaita tena. Kule juu, mahali pa ukuta palikuwa na miamba miwili mitupu na maji kati yake. Neno la mwisho alilomwambia kaka yake lilikuwa limekaa kichwani, na alijua kwamba kama hatamwona tena atazeeka nalo. Alianza kukimbia ukingoni, akipiga kelele jina lake, hajali miiba wala gauni.

Alimkuta nyuma ya mwamba, ameukumbatia mti mdogo kwa mikono na miguu, kifua wazi kimechubuka, unga umemganda usoni na mkaa mikononi. Ilibidi amfumbue vidole kimoja kimoja. Akavua kitenge alichojifunga begani akamzungushia.

"Mama amevuka?" Leonce aliuliza.

"Amevuka. Leonce, nisamehe. Lile neno..."

"Amevuka?"

"Amevuka, kaka yangu."

Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Walipofika kwenye machela aliuliza tena, mama mwenyewe akiwa amemshika mkono. Aliuliza wakiwa njiani. Aliuliza jioni nyumbani kwa Blandina, amekaa karibu na moto, uji mkononi, mama yake amelala mbele yake anakoroma. Watu wa nyumbani walianza kutazamana. Sabina alisogea akakaa naye kwenye kigoda kimoja, na kila alipouliza alimjibu kwamba mama amevuka, kwa sauti ile ile, bila kuchoka, kwa sababu swali lile ni yeye mwenyewe aliyempa Leonce, pale ukutani aliposema amemuua mama.