Pengo Juu ya Ukuta wa Kiwanda

Kuku wa shaba amekaa juu ya ukuta wa kiwanda cha nguo, kati ya mbayuwayu na hondohondo. Wageni humcheka. Mimi humsalimu. Aliyemchagua ni mama wa marehemu, alipomwambia mdogo wangu mchongaji, "Binti yangu hakuwa na haja ya kuruka, Fundi. Alipenda kula na kulala. Nitengenezee kuku." Mdogo wangu alicheka mpaka akalia, kisha akamtengeneza: mnene, macho yamefumbwa nusu.

Kila ndege pale ni mshonaji aliyeungua. Redio ilisema ni ajali. Sikusoma darasani, herufi nilizijulia kwenye magazeti ya kufungia misumari, lakini maana ya ajali naijua. Naikumbuka sauti ya mtangazaji. Naikumbuka suti ya mwenye kiwanda. Na lile kufuli lililofungwa mlangoni kwa nje, ati watu wasitoke na vitambaa, nalikumbuka kuliko vyote, maana nililiokota mwenyewe kwenye majivu.

Familia zilileta shaba ya nyumbani ikayeyushwe: bomba lililokatika, komeo, kengele ya baiskeli. Mimi nikaleta kufuli. Mdogo wangu aliligeuza kiganjani, akanirudishia.

"Hili, Dada, halitakuwa ndege."

Ukuta ukajaa, isipokuwa katikati. Pale palikuwa pa binti wa mdogo wangu mwenyewe, tuliyemwita Chiriku kwa sababu hakujua kufunga mdomo. Hata cherehani haikumshinda kwa kelele. Akina mama walipomuuliza mdogo wangu, alijibu, "Bado anakauka."

Miezi ikapita. Nikamfuata karakanani. Ndege alikuwa mezani, wa nta, amekamilika mpaka manyoya ya shingo, mdomo wazi.

"Nta gani hii isiyokauka? Usinifanye mtoto."

Hakuniangalia. "Kazi hii unaijua, Dada. Nimfunike udongo mwili mzima. Nimtie tanuruni mpaka nta yote iyeyuke imwagike, ndipo nimimine shaba palipobaki wazi. Wa wenzangu niliweza." Akafuta mikono isiyokuwa na kitu. "Huyu nimfungie ndani, halafu nimwashie moto? Mimi, baba yake?"

Mimi niliyewahi kumnyamazisha mkuu wa polisi kwa kipaza sauti, nilichukua ufagio nikafagia.

Mwaka huu kifua kimemchukua mdogo wangu, kifua cha mtu aliyevuta moshi wa tanuru maisha yake yote. Tulipomaliza kuzika, Mama Kuku, ndivyo tunavyomwita sasa na mwenyewe anaitika, alikuja karakanani.

"Shangazi, fundi wa kummalizia Chiriku yupo. Tukiacha pengo, wale watu wa mwenye kiwanda watasema tumechoka."

Nilitaka kukubali. Ukuta ule nimeupigania kuliko nilivyoipigania ndoa yangu. Lakini Mama Kuku alikuwa amekwisha kumwinua yule ndege, akimgeuza kwenye mwanga wa dirisha, na hapo kifuani akaona alama ya kidole gumba, imezama, mistari yote inaonekana. Ndege wengine wote mdogo wangu aliwalainisha hadi mkono wake usionekane. Huyu alimwacha hivyo.

Mama Kuku aliweka kidole chake karibu na ile alama, asiiguse. Akamrudisha mezani taratibu.

"Basi," alisema. "Mwacheni."

"Na wapitao wakiuliza mbona pale katikati hapana mtu?"

"Si utawaambia? Kufuli si unalo wewe?"

Ninalo. Kila Jumamosi nasimama chini ya pengo lile, nanyanyua kufuli juu, nasema lilikuwa upande gani wa mlango.

Wiki hii joto limepanda. Leo asubuhi nilimkuta Chiriku ameanza kuinamisha kichwa. Nikambeba kwa mikono miwili mpaka chumba cha nyuma, penye upepo, nikamweka mbali na jua. Nikatoka. Mlango nikauacha wazi.